Tazama Mshono Kwanza: Jinsi ya Kununua na Kukusanya Mipira Rasmi ya Mashindano

Mtu akinitumia picha ya mpira wa Kombe la Dunia na kuniuliza kama ni halali, sianzi na rangi wala nembo. Natafuta mahali vipande viwili vinapokutana, naivuta picha karibu hadi inakaribia kupoteza sura, naangalia kama kuna uzi. Rangi na maua huigwa na yeyote mwenye mashine ya kuchapa. Kuunga vipande kwa joto na gundi ni kazi ya kiwanda chenye vifaa vyake, na watengenezaji wengi wa feki hawana vifaa hivyo. Wanachofanya ni kuchukua mpira wa kawaida wa vipande 32 ulioshonwa, wakauchapa sura ya Brazuca (mpira wa Kombe la Dunia 2014) au Jabulani (wa 2010), wakautia kwenye boksi zuri. Ukijua kwamba mpira wa mwaka fulani ulikuwa na vipande vingapi na viliungwaje, utawakwepa kabla hata hujauliza bei.

Muuzaji mmoja aliwahi kuniandikia kwamba Fevernova wake ni orijino kabisa, kwa kuwa "haujashonwa, umegundishwa". Nilimshukuru nikaachana naye. Fevernova, mpira wa Korea Kusini na Japani 2002, ulishonwa.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, jifunze mishono. Sehemu hii nitakwenda nayo polepole, maana ndiyo inayokulinda, na kwangu mimi ndiyo inayonogesha ukusanyaji wenyewe. Kila mpira ni jibu la tatizo fulani: mvua, televisheni, kasi, joto la mchana. Ukiushika mkononi ukijua tatizo lake, unauona tofauti.

Vipande, uzi na gundi, mwaka kwa mwaka

Mipira ya Kombe la Dunia ya mwanzo ilikuwa ya ngozi, na pale pa kuingizia blada, yaani mfuko wa ndani wa upepo, palifungwa kwa kamba. Mchezaji aliyepiga kichwa akakutana na ile kamba alikoma. Superball Duplo T, mpira wa Brazil 1950, uliondoa kamba na kujazwa upepo kupitia vali. Swiss World Champion wa 1954 ulikuwa na vipande 18. Mipira ya enzi hiyo, ukiipata halali, ni mali ya makumbusho na minada mikubwa. Mkusanyaji wa kawaida hukutana zaidi na nakala za kumbukumbu zilizotengenezwa miaka mingi baadaye. Nakala hizo si dhambi kununua, mradi zimeuzwa kwa jina la nakala na kwa bei ya nakala.

Mwaka 1970 Adidas walipeleka Telstar Mexico: pembetano 12 nyeusi, pembesita 20 nyeupe, jumla vipande 32. Rangi hizo zilichaguliwa ili mpira uonekane vizuri kwenye televisheni zisizo na rangi. Tango wa Argentina 1978 ulibaki na vipande 32 vilevile. Michoro 20 yenye pembe tatu ndiyo inayoyafanya macho yaone duara 12 zikizunguka mpira. Tango España wa 1982 ulikuwa wa mwisho wa ngozi halisi. Azteca wa Mexico 1986 ukawa wa kwanza uliotengenezwa kwa ngozi bandia peke yake, haunywi maji kama ngozi. Hapa tayari una kipimo cha bure: anayekutangazia Azteca "wa ngozi safi" hajui anachouza, au anajua sana.

Etrusco Unico ulifuata Italia 1990, ukiwa na vichwa vya simba vya Kietruski ndani ya michoro yake. Questra wa Marekani 1994 ulipewa tabaka la povu lililoufanya uwe laini mguuni na wenye kasi zaidi, na kwangu ndio mpira mzuri kuliko yote ya zama za uzi, kwa zile nyota na sayari zilizochorwa kwa rangi nyeusi tu. Tricolore wa Ufaransa 1998 ndio wa kwanza wa Kombe la Dunia kuwa na michoro ya rangi nyingi.

Kisha uzi ukatoweka. Roteiro, mpira wa rangi ya fedha wa Euro 2004 kule Ureno, ulikuwa na vipande 32 lakini vimeungwa kwa joto bila kushonwa. Wakusanyaji wengi wanaurukia Teamgeist wa Ujerumani 2006 na kumsahau huyu mzazi wake. Mimi nakushauri uutafute Roteiro ungali unapatikana. Teamgeist wenyewe ulishusha vipande hadi 14. Jabulani wa Afrika Kusini 2010 ulikuwa na 8, Brazuca wa Brazil 2014 ulikuwa na 6, Telstar 18 wa Urusi 2018 vilevile 6. Al Rihla wa Qatar 2022 ulirudi juu hadi 20. Trionda, mpira wa 2026 wa Kanada, Mexico na Marekani, una 4 tu.

Usidhani vipande vichache maana yake mpira bora. Jabulani ndio ushahidi. Makipa walilalamika kwamba ulikuwa unayumba hewani, na wataalamu wa mwendo wa hewa wa NASA waliupima. Sababu iko kwenye mshono. Urefu wa mishono yote ya Jabulani ukiijumlisha ni kama sentimita 203. Ya Brazuca ni kama sentimita 327, pamoja na kwamba Brazuca una vipande vichache zaidi, kwa kuwa vipande vyake vimepindapinda. Tena mifereji ya Brazuca ni mirefu kwenda chini: takriban milimita 1.5 dhidi ya nusu milimita ya Jabulani. Mifereji huikorofisha hewa inayopita juu ya mpira, na hewa iliyokorofishwa huushika mpira kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuachana nao, ndipo mpira ukatulia. Mpira laini mno huanza kuyumba ukiwa kwenye kasi ya mapigo ya mbali, pale ambapo kipa anahitaji utulivu.

Kwa mnunuzi maana yake ni hii: pitisha ukucha kwenye mshono. Brazuca wa daraja la juu ukucha unazama, na juu ya ngozi yake unasikia vipele vidogovidogo vilivyoenea kila mahali. Jabulani ukucha unateleza, lakini kuna mifereji midogo iliyochorwa juu ya vipande, unaisikia kwa ncha ya kidole. Kama vipele au mifereji hiyo imechapwa kwa wino tu, yaani unaiona lakini huisikii, weka mpira chini.

Mchoro mmoja, madaraja mengi

Jambo la pili linalowapoteza watu halihusiani na feki kabisa. Kampuni yenyewe huuza mchoro mmoja kwa madaraja kadhaa. Kwa Adidas wa miaka ya karibuni utakuta Pro, Competition, League, Training, Club, kisha ule mdogo wa mapambo. Yote ni halali, yote yana nembo, na kwenye picha iliyopigwa mbali yote yanafanana. Lakini Pro peke yake ndio wa daraja la ule unaochezewa kwenye mashindano. Bei ya Pro huwa mara kadhaa ya ile ya Club, na hapo ndipo wauzaji wa mitandaoni wanapocheza: anakununulia Club, anakuandikia "mpira rasmi wa Kombe la Dunia", anakudai bei ya kati ili ujione umepata nafuu.

Soma maandishi yaliyo juu ya mpira. Wa daraja la juu huandikwa Official Match Ball. Nakala huandikwa Replica, na kwenye mashindano ya nyuma utakuta majina kama Top Replique na Glider. Muuzaji ambaye kila picha yake inauficha upande wenye maandishi hayo ameshakujibu.

Kisha tafuta muhuri wa FIFA. Siku hizi madaraja ya juu, Pro na kwa kawaida Competition, hupigwa FIFA Quality Pro. League hupigwa FIFA Quality. Muhuri wa juu unadai mzingo wa sentimita 68.5 hadi 69.5 na uzito wa gramu 420 hadi 445, wakati sheria za mchezo zenyewe zinaruhusu sentimita 68 hadi 70 na gramu 410 hadi 450. Majaribio mengine ni magumu kuliko watu wanavyofikiri: mpira hupigwa ukutani mara 2,000 kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa, kisha hupimwa tena kama bado ni duara na bado umeshika upepo. Mimi hubeba tepu ya fundi cherehani na mizani ndogo ya kidijitali ninapokwenda kuutazama mpira. Feki nyingi huanguka kwenye mizani, kwa kuwa ni nyepesi mno, au zimejazwa tabaka la kitambaa nene zikazidi.

Muhuri unasaidia pia kujua umri. Mpango wa FIFA wa kupima mipira ulianza 1996. Azteca au Etrusco wenye muhuri wa FIFA haukutengenezwa wakati wa mashindano yake. Hadi Brazuca wa 2014 muhuri wa juu ulisomeka FIFA Approved. Jina FIFA Quality Pro lilikuja baada ya hapo, nalo utalikuta kwenye Telstar 18. Jabulani yenye FIFA Quality Pro ni kazi ya mtu aliyenakili muhuri wa mpira mwingine.

Kuhusu chipu: Telstar 18 wa daraja la juu uliuzwa ukiwa na chipu ya NFC ndani, yaani ya mawasiliano ya masafa mafupi na simu. Haina betri, kwa hiyo simu yenye NFC ikiusogelea mpira taratibu inatakiwa kuitambua hata leo. Ni kipimo kizuri mkikutana ana kwa ana. Al Rihla ni habari tofauti. Mipira iliyochezewa Qatar ilikuwa na sensa katikati iliyotuma taarifa mara 500 kwa sekunde, ikawasaidia waamuzi kwenye maamuzi ya kuotea. Ile ya madukani, hata Pro, haikuwekewa sensa hiyo. Muuzaji anayedai Al Rihla wake wa boksini "una sensa" anaongeza bei kwa kitu kisichokuwemo.

Mipira ya fainali

Tangu 2006 fainali ina tabia ya kupata sura yake. Teamgeist Berlin ulikuwa wa dhahabu, Jo'bulani wa 2010 vilevile dhahabu. Urusi 2018 walibadilisha mapema, Telstar Mechta mwekundu ukaingia hatua ya mtoano. Qatar 2022 Al Hilm ulichezewa nusu fainali na fainali. Euro 2016 nayo ilikuwa na Beau Jeu kwa makundi na Fracas kwa mtoano.

Hii inakupa ratiba ya kununua. Mpira mkuu huzinduliwa miezi mingi kabla ya mashindano: Al Rihla ulitoka Machi 2022, Trionda Oktoba 2025. Huo usiukimbilie. Utakuwepo madukani muda mrefu, na mashindano yakiisha maduka huwa yanataka nafasi, hapo bei hulegea. Wa fainali au wa mtoano hutangazwa katikati ya mashindano, hukaa sokoni muda mfupi, na wa daraja la Pro ndio huisha kwanza. Ukiutaka, nunua siku zilezile. Kungoja kwenye mpira mkuu ni busara. Kungoja kwenye mpira wa fainali ni kuuacha.

"Huu ulichezewa"

Hapa ndipo hela nyingi hupotea, na hapa nakuomba uwe mgumu.

Mipira ya mechi huchapwa majina ya timu, tarehe na uwanja. Lakini maandishi hayohayo huchapwa baadaye kwenye mipira ya dukani kwa ajili ya mashabiki, na wengine huyachapa kwa siri. Maandishi ya mechi hayathibitishi chochote peke yake. Pia tofautisha mpira ulioandaliwa kwa mechi na mpira uliochezewa. Siku hizi mechi moja ina mipira mingi iliyopangwa pembezoni mwa uwanja. Wengine huingia dakika chache, wengine hawaingii kabisa. Wote waliandaliwa kwa mechi ile. Ni wachache walioguswa mguuni, na kusema kwamba huu hasa ndio uliofunga bao ni kauli nzito inayotaka ushahidi mzito.

Zamani ilikuwa rahisi zaidi. Robo fainali ya Argentina na Uingereza 1986 ilichezwa kwa mpira mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, Azteca uliopigwa ngumi na Maradona na dakika chache baadaye ukabebwa naye kuanzia nusu yake ya uwanja hadi golini. Mwamuzi wa mechi hiyo, Mtunisia Ali Bin Nasser, aliondoka nao. Uliuzwa kwenye mnada Novemba 2022 kwa pauni milioni 2. Thamani ile ilisimama juu ya mlolongo mfupi usio na pengo: mechi ya mpira mmoja, mwamuzi, nyumba ya mwamuzi, mnada. Mpira wa rangi ya chungwa wa fainali ya 1966, Challenge 4-Star, una mlolongo wa namna hiyo pia: Helmut Haller wa Ujerumani Magharibi aliuchukua baada ya filimbi ya mwisho, ukarudi Uingereza 1996.

Uliza mlolongo kama huo kwa mpira wowote unaoambiwa ulichezewa. Nani aliutoa uwanjani? Alimpa nani? Kuna karatasi gani ya kila hatua? Hati yenye saini ya muuzaji mwenyewe si hati. Ni kauli yake ileile imewekwa kwenye karatasi nzuri. Kinachoshawishi ni karatasi kutoka kwa waandaaji wa mashindano, au kutoka kwa mchezaji au mwamuzi aliyekuwepo, na alama za mikwaruzo zinazolingana na picha za mechi. Mlolongo ukikatika mahali pamoja, ulipe kama mpira wa dukani uliotumika. Mimi nimeiacha mipira mizuri kwa sababu hiyo na sijawahi kuihuzunikia.

Ukinunua kwa mbali

Omba picha hizi, na uzitaje moja moja: mshono kwa karibu, vali, muhuri wa FIFA, maandishi yote, lebo ya boksi yenye namba ya bidhaa, mpira ukiwa juu ya mizani, na picha moja yenye kikaratasi kilichoandikwa jina lako na tarehe ya leo. Hiyo ya mwisho inakuhakikishia kwamba mpira uko mikononi mwa mtu unayeongea naye, maana picha nzuri huibwa na kutumika tena na tena. Muuzaji mwaminifu hakasiriki kuombwa. Wengi hufurahi, kwa kuwa wanajua wanaongea na mtu anayeelewa.

Lipa kwa njia inayokuruhusu kudai fedha zako mzigo usipofanana na maelezo. Anayekusihi umtumie moja kwa moja ili "mkwepe makato" anakuomba uuache ulinzi wako. Hesabu usafirishaji na ushuru wa forodha kabla ya kukubali bei, kwa sababu boksi la mpira ni jepesi lakini lina ukubwa, na wasafirishaji wengi hutoza kwa ukubwa.

Mwombe apunguze upepo kabla ya kufunga, lakini asiutoe wote. Mpira uliobonyea kabisa ukakaa wiki kadhaa chini ya mizigo hubaki na mikunjo, na mipira iliyogundishwa huweza kuachia kwenye mkunjo. Robo tatu ya upepo, kitambaa kuuzunguka, boksi la pili nje ya boksi la kwanza.

Mipira isiyogombaniwa

Wakusanyaji wengi wanaishia Kombe la Dunia la wanaume na Euro. Hapo bei ni juu kwa sababu kila mtu yupo hapo. Ningekuwa naanza leo, ningeanzia AFCON.

AFCON haikubaki na mtengenezaji mmoja, kwa hiyo kwenye kabati moja unapata mawazo tofauti ya namna ya kuunda mpira. Adidas walikuwa na Wawa Aba wa Ghana 2008, Jabulani iliyopewa sura yake kwa ajili ya Angola 2010, Comoequa 2012, Katlego 2013, Marhaba 2015. Mitre wakaja na Delta Hyperseam 2017. Umbro wakachukua 2019, kisha Toghu wa mashindano ya Kamerun yaliyochezwa mwanzoni mwa 2022. Puma wakafuata na Pokou wa Ivory Coast, kisha Itri wa Moroko.

Pokou naupenda kwa namna ya pekee. Umepewa jina la Laurent Pokou, mshambuliaji wa Ivory Coast aliyefunga mabao matano kwenye mechi moja dhidi ya Ethiopia mwaka 1970, na jumla ya 14 katika fainali za Afrika. Mipira mingi hubeba majina ya nchi, ndoto na nyota. Huu unabeba jina la mtu aliyeupiga.

Tahadhari moja kwenye AFCON: mipira ya daraja la juu ya mashindano haya huingia madukani kwa uchache, na nakala ndizo huwa nyingi. Utaratibu ule wa muhuri na maandishi ushikilie vilevile.

Kombe la Dunia la wanawake nalo lina mstari wake: SpeedCell 2011, Conext 15, Conext 19, na Oceaunz wa Australia na New Zealand 2023. Mashindano ya Ufaransa 2019 yalikuwa pia na Tricolore 19 kwa mtoano, mpira uliorudisha kumbukumbu ya 1998, na unakaa vizuri sana kando ya Tricolore wa kwanza.

Kuutunza

Maadui ni wanne: jua, joto, unyevu na upepo mwingi mno ndani.

Kwenye mechi mpira huwa na presha ya angahewa (atm) 0.6 hadi 1.1 juu ya ile ya hewa ya kawaida. Mpira wa kabatini hauhitaji hiyo. Uache chini ya 0.6, uwe duara kamili lakini kidole gumba kikiusukuma uingie kidogo. Mishono ya zamani ikikaa chini ya presha ya mechi miaka nenda rudi huachia, hasa ya ngozi. Kwa mpira wa kale uliokaa bila upepo, jaza kidogo, uache hadi kesho, uongeze kidogo. Usiulazimishe ufike duara siku moja.

Sindano ya pampu ilowanishe kwa maji au tone la glisirini kabla ya kuiingiza. Usitumie mafuta ya petroli wala grisi, kwani blada ya mpira asilia (lateksi) huharibiwa na mafuta. Ukiwa na blada ya aina hiyo utaona upepo unapungua wenyewe ndani ya siku chache. Hiyo ni tabia yake, si ugonjwa. Blada ya butili, aina ya raba ya kutengenezwa, hushika upepo muda mrefu zaidi.

Mipira ya ngozi bandia ya kuanzia 1986 ina ugonjwa wake. Unyevu huingia polepole ndani ya polyurethane, ile plastiki inayofanya ngozi bandia, na kuivunjavunja, hadi siku moja ukiushika unanata, kisha unaanza kubanduka magamba. Hali hiyo ikianza hairudi nyuma. Kuizuia ni kuuweka mahali pakavu penye kupita hewa, mbali na ukuta wenye unyevu, na kutoufunga kwenye mfuko wa plastiki. Plastiki hufungia unyevu ndani, na wino wa mpira huweza kuhamia kwenye plastiki yenyewe. Vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vinafaa kabisa, mradi uvibadilishe. Unapokwenda kununua Azteca, Etrusco au Questra, uguse kwa kiganja kizima. Ukinata hata kidogo, punguza bei kwa kiasi kikubwa au uuache.

Kusafisha, kitambaa laini chenye maji ya vuguvugu, kisha kavu, kivulini. Usitumie spiriti wala dawa ya kuondolea rangi. Michoro ya mingi imechapwa juu na hutoka pamoja na uchafu. Mpira uliochezewa kweli usiusafishe hata kidogo. Nyasi iliyokauka kwenye mfereji na alama ya kiatu ni sehemu ya ushahidi wake.

Weka kila mpira juu ya pete au kikombe cha kuuzuia usiviringike, na uugeuze mara kwa mara ili usikae daima kwa upande uleule. Boksi litunze, hata kama limechakaa. Mpira wenye boksi lake lenye lebo na namba inayolingana huuzwa kwa urahisi zaidi kuliko ule ule bila boksi.

Daftari

Kwa kila mpira fungua ukurasa. Andika jina na mwaka, daraja, idadi ya vipande, namna ulivyoungwa, maneno ya muhuri, namba ya bidhaa, nchi iliyoandikwa kuwa ndiko ulikotengenezwa, uzito na mzingo ulioupima wewe mwenyewe, aliyekuuzia, tarehe, bei. Bandika risiti. Piga picha za pande sita siku ulipoupokea, maana miaka ikipita utataka kujua kama ile njano ulianza nayo au imeingia kabatini kwako. Mazungumzo yenu na muuzaji yahifadhi pia, hasa kama alikueleza mpira ulipotoka. Siku utakapomwuzia mwingine, au watoto wako watakapolazimika kuuuza, mnunuzi atauliza maswali yaleyale uliyouliza wewe, na ukurasa huo ndio utakaomjibu.